Mwani wa Pwani Katika Dawa Zetu

Sisi watu wa Bariadi tu watu wa pamba na ng'ombe. Wengi wetu tumezaliwa, tumekua, tumeoa na kuolewa bila kuiona bahari hata siku moja. Maji makubwa tuyajuayo ni yale ya Ziwa Viktoria, nayo pia yataka nauli. Hata hivyo bahari imekwisha kuingia majumbani mwetu bila kupiga hodi. Imo katika chupa nyingi za dawa ya maji ya watoto, imo katika dawa ya meno, imo katika dawa ya mzee mwenye kiungulia, na mara nyingine imo hata katika bandeji ya kidonda. Sisemi habari za chumvi. Nasema habari za mwani, yale majani ya baharini ambayo watu wa pwani huyaona yametupwa mchangani na mawimbi.

Kazi yangu mimi ni ukarani wa parokia. Naandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, napokea zaka, natunza vitabu. Lakini kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu kabla sijaja ofisini, watu hawaniiti karani, huniita mwalimu. Na mwalimu, kwa mawazo ya watu, hapana budi ajue kila kilichoandikwa. Basi huniletea vikaratasi vya dawa niwasomee. Vikaratasi hivyo karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mimi si mganga, na kila mara nawaambia hivyo kabla sijafungua kikaratasi. Nawasomea mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada yake, na mambo ya kujihadhari. Palipo na shaka nawarudisha hospitali.

Katika kusoma huko niliona maneno matatu yanarudi rudi: karajinani, aljineti na agari. Nilipotafuta maana yake nikakuta yote matatu yametoka baharini. Nilifurahi kama mtu anayefurahia kitendawili, nikaacha hapo. Yaliyonifanya nirudi kuyatafuta kwa bidii ni maneno ya mama mmoja mzee wa kigango chetu, mwezi wa Agosti 2024.

Mama huyo ana kisukari cha miaka mingi, na mwaka ule alikuwa na kidonda chini ya mguu. Alikuwa ametoka kutibiwa Mwanza. Aliingia ofisini, tukasalimiana, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia, akaketi na kufungua kitambaa chake juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza vidonge vyake vya sukari. Cha pili pakiti za bandeji nyeupe, laini kama pamba iliyokwisha chambuliwa, zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa kwa aljineti. Cha tatu kopo la unga wa rangi ya majani makavu, alilolinunua mnadani kwa mchuuzi mmoja aliyesema kwamba ni unga wa mwani, nao watibu kisukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, ugumba na mengine ambayo sikuyashika.

Akaniuliza hivi: "Mwalimu, nesi aliniambia bandeji hii ni ya mwani. Na huyu wa mnadani anasema unga huu ni mwani. Kama hospitali wenyewe wanatumia mwani, kwa nini nimeze vidonge? Si nile mwani wenyewe, basi?"

Kwa kweli swali lile si la mtu mjinga. Anayelicheka hajalifikiri. Mama huyu ameona vitu viwili vyenye jina moja, kimoja kimetoka hospitali, kimoja mnadani, naye anataka ajue kwa nini kimoja kiaminiwe na kingine kisiaminiwe. Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwamba asiache vidonge hata siku moja mpaka azungumze na daktari wake, kwa sababu kidonda cha mwenye kisukari chaweza kula mguu mzima, na wako watu wa hapa hapa tunaowajua waliokatwa miguu. Alikubali, lakini uso wake ulinionyesha kwamba amekubali kwa heshima tu. Nikaona anadai jibu refu zaidi. Jibu lenyewe ndilo hili ninalowaandikia.

Kwanza tuujue mwani wenyewe. Ziko aina maelfu, nyekundu, kahawia na za kijani, na kila aina ina tabia zake. Kusema "mwani" tu ni kama kusema "majani". Mchicha ni majani, na tumbaku ni majani.

Hapa Tanzania mwani unaolimwa sana ni wa jamii ya mwani mwekundu, na nyumbani kwake hasa ni Zanzibar. Mwanasayansi wetu, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyeongoza majaribio ya kwanza ya kilimo hiki katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili. Wakulima huziita spinosamu na kotonii. Leo wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na walio wengi sana kati yao ni wanawake.

Kilimo chao chafuata mwezi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, akina mama hushuka na vigingi na kamba. Hupigilia vigingi mchangani, hukaza kamba kati yake, na juu ya kamba hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Maji yakijaa huwafukuza. Baada ya wiki sita hivi mwani umekua wa kutosha, huvunwa, huanikwa, na uzito wote ule huyeyuka juani, maana kilo saba au zaidi za mwani mbichi hukauka zikawa kilo moja. Mtu aliyechuma pamba kwa mgongo uliopinda kutwa nzima atawaelewa akina mama hao, isipokuwa sisi hatuchumi tukiwa na maji ya chumvi mpaka kiunoni.

Sasa ndani ya mwani huo mna nini? Mna utelezi. Akina mama wasomaji wa gazeti hili hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza utelezi, kwa kuwa wanapika mlenda. Mlenda ukiuinua kwa mwiko huvutika, haudondoki kama maji. Mwani nao una utelezi wa namna yake, ila ule wa mwani ukipoa hushikamana ukawa kitu cha kutikisika, kama mchuzi wa kongoro uliolala usiku wa baridi. Mtawa mmoja aliyekwenda Unguja aliniletea mwani mkavu kiasi cha viganja viwili. Niliuosha mara nne kuondoa chumvi na mchanga, nikauchemsha jikoni kwa muda mrefu, nikauchuja kwa kitambaa. Asubuhi bakuli lilikuwa na kitu kizito, hakina rangi ya kupendeza, chenye harufu ya samaki kidogo. Mpishi wetu alikitazama akasema yeye hakili. Lakini niliona kwa macho yangu kile ambacho viwanda hukitafuta.

Utelezi huo wa mwani mwekundu ndio karajinani. Jina lilitokea Ireland, ambako watu wa pwani tangu zamani walichemsha mwani wao katika maziwa, wakawanywesha wenye kikohozi. Siku hizi viwanda huuchemsha mwani katika maji yenye magadi makali, huuchuja, huutenga utelezi, huukausha na kuusaga uwe unga mweupe. Unga huo hautibu ugonjwa wo wote. Kazi yake ni kubeba. Dawa ya maji ya mtoto mara nyingi ni chembe ndogo sana za dawa zinazoelea majini, na zikiachwa huzama chini. Mtoto wa kwanza atakunywa maji matupu, na wa mwisho atakunywa dawa yote. Utelezi kidogo hushikilia chembe zile zisizame upesi, ndipo ukitikisa chupa kila kijiko kinakuwa sawa na kingine. Maneno "tikisa kabla ya kutumia" hayakuandikwa kwa mapambo. Tena viko vidonge vya ganda, yaani kapsuli. Magamba yake kwa kawaida hutengenezwa kwa jelatini itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama, hata ya nguruwe. Wako wagonjwa ambao dini yao au desturi yao haiwaruhusu kuyameza, na viwanda vingine huwatengenezea magamba ya karajinani na wanga.

Aljineti ni jamaa mwingine. Huyu hutoka katika mwani wa kahawia, ule mkubwa wa bahari za baridi, si ule wa Paje. Aliyeutambua ni mkemia E. C. C. Stanford, aliyekuwa akifanya kazi Uskoti, naye alitoa habari zake mwaka 1881. Stanford alikuwa katika shughuli za kutoa madini joto katika mwani, na utelezi huu akaukuta njiani. Tabia ya aljineti ni hii: ikiwa na sodiamu huyeyuka majini, ikikutana na kalisi hushikana na kuganda. Mambo mengi ya uganga yametoka katika tabia hiyo moja.

Tazama dawa ya kiungulia kama ile iitwayo Gaviscon. Ndani yake mna aljineti pamoja na bikaboneti, nduguye ile magadi soda ya kuumulia maandazi. Ikishuka tumboni na kukutana na ukali wa tumbo, aljineti huganda, na bikaboneti hutoa mapovu. Mapovu yananaswa ndani ya utelezi ulioganda, basi wote unaelea juu ya chakula kama chelezo juu ya ziwa, ukizuia ule ukali usipande kooni. Sidhani kuna dawa nyingine ambayo kazi yake mtu wa kawaida aweza kuiona akilini kwa urahisi hivyo.

Na bandeji ya yule mama? Ni nyuzi za aljineti yenye kalisi. Zikiwekwa juu ya kidonda chenye maji, sodiamu iliyomo katika maji ya kidonda hubadilishana nafasi na kalisi, nyuzi zinalainika zikawa utelezi, zinanywa maji yale na kuyashika. Siku ya kubadilisha, bandeji hutoka taratibu. Haibandui nyama changa kama ifanyavyo pamba yetu ikikaukia kidondani. Waliowahi kubanduliwa pamba wanajua ninalosema. Bandeji hii haifai kidonda kikavu. Wala tusiisifu kupita kiasi: waganga walipokusanya majaribio yaliyolinganisha bandeji za aljineti na bandeji nyingine kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari, hawakuona kwamba vidonda hupona upesi zaidi. Faida yake ni kunywa maji na kutoumiza. Kidonda chenyewe hupona kwa kusafishwa, kwa kutokanyagiwa, kwa dawa ya vijidudu ikihitajika, na kwa sukari kushuka.

Hapo ndipo nilipopata jibu la Mayu. Alirudi baada ya majuma mawili, nikamwambia: bandeji ya hospitali haikusudiwi kutibu kisukari, ni kitambaa tu, ila kitambaa chenye akili. Mwani uliomo umekwisha kusafishwa, umepimwa, umetolewa chumvi, mchanga na rangi, umebaki utelezi peke yake, nao umepewa kazi moja. Kopo la mnadani halina jina la kiwanda, halionyeshi ni mwani wa aina gani, halina kipimo. Aina nyingine za mwani zina madini joto mengi mno, na madini hayo yakizidi huvuruga tezi ya shingo vile vile kama yakipungua. Tena mwani hunywa yaliyomo majini, na penye maji machafu hunywa uchafu, hata madini ya sumu. Nani alipima kopo hili?

Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni kama pamba." Nikamwuliza kwa vipi. Akasema, "Pamba ya shambani ina mbegu na takataka. Huwezi kuifunga kidondani kabla haijapita kiwandani." Mimi na chuo changu sikuwa nimeupata mfano mzuri kama huo.

Alilipeleka kopo kwa daktari aliporudi kliniki. Vidonge hakuviacha. Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga, na mguu anao, anaukanyagia na viatu vya ngozi vya wazi ambavyo mwanawe alimshonea kwa fundi ili visimbane.

Lakini nisije nikawafanya mdhani kwamba mwani na kisukari havijakutana popote. Vimekutana, ila katika maabara. Mwaka 1980 wanasayansi wawili, Lim na Sun, walichukua seli za kongosho zitengenezazo insulini, wakazifungia ndani ya matone madogo ya aljineti, wakazitia katika panya wenye kisukari. Ganda la utelezi liliruhusu sukari kuingia na insulini kutoka, lakini liliwazuia askari wa mwili wasizifikie seli zile ngeni. Sukari ya panya ilikaa sawa kwa wiki mbili tatu. Tangu hapo zaidi ya miaka 40 imepita, majaribio yanaendelea, hata kwa watu, na bado si dawa ya kununuliwa dukani. Kwa hiyo mtu akikuambia ameshaiweka ndani ya kopo huko mnadani, mwulize ameitoa wapi.

Madini joto nayo yana hadithi yake. Yaligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani, na mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva alianza kuyatumia kutibu rovu, yaani uvimbe wa shingo. Ile iodini ya kahawia ambayo wazazi wetu walipakwa magotini wakapiga kelele ni madini hayo hayo. Leo kwa sehemu kubwa hayatolewi tena katika mwani, hutolewa ardhini, hasa nchini Chile na Japani. Nasi twayapata katika chumvi ya pakiti. Kwa hiyo mama anayenunua chumvi iliyotiwa madini joto amekwisha kuwapa watoto wake kile ambacho wachuuzi wa mwani hukisifia, kwa kipimo kinachofaa, na kwa bei ya chumvi.

Jamaa wa tatu ni agari, na huyu nampenda kuliko wote kwa sababu aliingia katika uganga kupitia mlango wa jikoni. Mwaka huo huo wa 1881, kule Ujerumani, daktari Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch. Walitaka kuotesha vijidudu vya magonjwa ili wavitazame, lakini jelatini waliyotumia iliyeyuka kwa joto, na vijidudu vingine viliila. Mke wa Hesse, Fanny, ndiye aliyetoa shauri. Yeye alitumia agari, utelezi wa mwani kutoka nchi za mashariki, kugandisha vyakula vitamu ambavyo havikuyeyuka hata siku za jua kali. Alikuwa amejifunza kwa jirani aliyewahi kukaa Java. Wakajaribu. Agari haikuyeyuka katika joto la mwili, wala vijidudu havikuila. Koch alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu, tarehe 24 Machi 1882, aliitaja agari katika maandishi yake, lakini jina la Fanny Hesse hakulitaja. Familia ile haikupata fedha yo yote kwa shauri lile. Koch mwenyewe alifika huku kwetu baadaye, akakaa katika visiwa vya Sese upande wa Uganda mwaka 1906 na 1907 akichunguza malale.

Mpaka leo, ukipelekwa katika hospitali kubwa kama Bugando kule Mwanza, hospitali ya Kanisa iliyofunguliwa mwaka 1971, na wakachukua usaha au mkojo kuotesha, huenda kwenye kisahani chenye agari. Siku mbili tatu wanazokuambia ungoje ni siku za vijidudu kuota juu ya utelezi wa mwani, ili ijulikane ni dawa ipi itakayoviua. Watu wengi hulalamika kwamba wamecheleweshwa. Afadhali kungoja siku tatu kuliko kunywa dawa ya kubahatisha wiki tatu.

Yako na mengine mapya. Karajinani ya spinosamu, aina ile ile inayolimwa kwa wingi Zanzibar, imetengenezwa kuwa dawa ya kupuliza puani kwa mafua, na kampuni ya Marinomed ya Austria ndiyo iliyoieneza. Utelezi hukizunguka kirusi kabla hakijashika nyama ya pua. Majaribio yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2010 yalionyesha nafuu kiasi. Wakati wa Korona, jaribio moja nchini Argentina kwa wahudumu wa hospitali 394 lilionyesha kwamba waliopuliza walioambukizwa walikuwa 1 katika 100, na waliopuliza dawa bandia 5 katika 100. Ni habari njema, lakini watu 394 ni wachache. Nasema hivi kwa sababu najua lililotokea Afrika ya Kusini. Kule jeli ya karajinani ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 6,000, kuanzia mwaka 2004, ili ionekane kama itawakinga na virusi vya UKIMWI. Maabara ilikuwa imeonyesha dalili nzuri sana. Mwaka 2008 majibu yakatangazwa: haidhuru, lakini haikingi. Walioitengeneza walisema hadharani kwamba haikufaulu. Wachuuzi wa mnadani sijawahi kuwasikia wakitangaza hivyo hata siku moja.

Iko pia dawa ya saratani ya tezi za limfu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011. Mzizi wake ni sumu iliyoonekana kwanza katika konokono wa baharini asiye na nyumba, wa Bahari ya Hindi. Baadaye ikajulikana kwamba konokono yule aliipata kwa kula mwani wa buluu-kijani, ambao wataalamu huuhesabu katika bakteria. Sumu hiyo ni kali hata haiwezi kuingizwa mwilini peke yake. Wanasayansi walitengeneza sumu inayofanana nayo, wakaifunga kwa kingamwili inayojua kutafuta seli za saratani, ibebwe mpaka mlangoni na kufunguliwa humo ndani.

Huu mwani wa buluu-kijani tuutazame kwa makini, maana huo tunao karibu. Wako wa namna njema: wale heroe wekundu wa Ziwa Natron hula mwani wa magadi, na jamaa zake hulimwa kwenye matangi safi na kuuzwa kama chakula kiitwacho spirulina. Lakini ule utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, unaoonekana wakati mwingine pwani za Ziwa Viktoria, kwenye ghuba na hata kwenye malambo yetu ya ng'ombe wakati wa joto, aghalabu ni wa namna nyingine, nao waweza kuwa na sumu inayoharibu ini. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Ndugu zetu wa Busega waishio kando ya ziwa wasichote maji penye utando, wala watoto wasiogelee humo, na ng'ombe wapelekwe pengine. Nimesikia kijana mmoja akisema kwamba kama mwani ni dawa, basi utando ule ukikaushwa utakuwa dawa pia. Huyo ni wa kukamatwa mkono kabla hajafika ziwani.

Narudi Unguja kidogo, kwa sababu jambo moja lanisumbua. Mwani wa Zanzibar kwa sehemu kubwa huondoka mkavu katika magunia, huenda Ulaya, Marekani na Asia, na kule ndiko utelezi unakotolewa. Spinosamu hununuliwa kwa bei ya chini kuliko kotonii. Na kotonii, tangu miaka ya 2000 ilipoanza, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi, kwa kuwa bahari imezidi kuwa ya joto. Huwa nyeupe, hulainika na kukatika. Dakta Flower Msuya, mtaalamu wa bahari aliyefanya kazi na wakulima hawa miaka mingi, ameshughulika nao kujaribu nyavu za mirija katika maji ya kina, ambako kuna baridi zaidi. Lakini kina kinataka mashua na kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hao hawakufundishwa kuogelea.

Sisi wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, hatuhitaji kuelezwa maana ya kuuza kitu kibichi kwa bei aliyoipanga mwingine, kisha kukinunua tena kikiwa kimefungwa vizuri. Bandeji ya Mayu ilitoka ng'ambo. Hata zile za pamba, kwenye pakiti nyingi ninazosomewa ofisini, naona majina ya nchi nyingine.

Baadhi ya akina mama wa Unguja wameanza kuusaga mwani wao wenyewe na kutengeneza sabuni, wakitia mafuta ya nazi na karafuu. Yule mtawa aliyeniletea mwani mkavu alileta na kipande kimoja cha sabuni hiyo. Tulikiweka kwenye beseni la kunawia nje ya ofisi. Watu waliokuja kuandikisha ubatizo walinawa, wakanusa mikono, wakauliza inauzwa wapi. Kilikwisha katika juma la pili.